Chujio la maji la nyumba nzima: soma dalili kabla ya kununua katriji nyingine

Maji ya nyumbani yakibadilika, katriji, ile sehemu ya ndani ya chujio inayobadilishwa, ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Inatolewa, inawekwa mpya, na baada ya siku chache tatizo liko palepale. Mara nyingi katriji ile haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye hita, au kwenye koki iliyoachwa nusu wazi, au kwenye presha, au chujio lenyewe lilikuwa la aina isiyoweza kabisa kuondoa kilichomo ndani ya maji yale. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, vifaa vitafuata.

Kwanza ujue maji yako yanapita wapi. Mtambo wa nyumba nzima hufungwa pale bomba kuu linapoingia, baada ya mita na koki kuu, kabla maji hayajagawanyika kwenda kwenye hita na vyumbani. Chujio la tope hutangulia: linazuia mchanga na kutu, na uwezo wake hupimwa kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita; namba ikiwa ndogo, linazuia chembe ndogo zaidi), mara nyingi 50, 20 au 5. Linafuatwa na chujio la mkaa, linaloondoa klorini, harufu, ladha mbaya na baadhi ya kemikali. Penye maji magumu huwekwa kilainisha maji, tangi lenye punje za resini zinazokamata kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu mahali pake. Mwisho kabisa huwekwa taa ya miale ya urujuanimno, ile tunayoiita taa ya UV, inayovifanya vijidudu visiweze kuzaana.

Mipaka ya kila hatua ni muhimu kuliko sifa zake. Mkaa hauondoi chumvi wala nitreti, na haulainishi maji. Kilainisha maji hakigusi vijidudu. Taa ya UV haiondoi kitu chochote kwenye maji; tope likiingia, tope litatoka. Na maji ya kisima yenye ladha ya chumvi hayatatengenezwa na katriji yoyote kati ya hizi. Hayo yanahitaji mtambo wa osmosisi ya kinyume, unaosukuma maji kwa presha kubwa kupitia utando mwembamba sana. Nimewaona watu wakibadilisha mkaa mara kwa mara wakingoja chumvi ipungue, na inaniuma kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Maswali matatu kabla ya kushika spana

Je, tatizo liko kwenye bomba moja au yote? Liko kwenye maji ya baridi, ya moto, au yote mawili? Linaonekana asubuhi tu maji yanapoanza kutoka, au wakati wote?

Bomba moja likisumbua peke yake, mtambo hauhusiki. Fungua kile kichungi kidogo cha wavu kwenye mdomo wa bomba, utakuta mchanga au magamba ya chokaa. Maji ya moto pekee yakiwa na shida, kagua hita. Tatizo la asubuhi pekee hutokana na mabomba ya ndani ya nyumba, ambako maji yamelala usiku kucha. Hilo ni jambo watu hulisahau: chujio liko mlangoni, na chochote ambacho mabomba ya ukutani yanaongeza baada ya hapo, iwe kutu au risasi, chujio haliwezi kukizuia.

Tatizo likiwa kwenye mabomba yote na wakati wote, tumia njia ya pembeni. Mtambo uliofungwa vizuri una koki tatu: moja kabla ya mtambo, moja baada yake, na moja kwenye bomba fupi linaloupita mtambo kando. Funga mbili za kwanza, fungua ya tatu, acha maji yatiririke dakika kadhaa, kisha angalia. Tatizo likiisha, liko ndani ya mtambo. Likibaki, linatoka kwenye chanzo. Kama chanzo chako hakijathibitishwa kuwa salama, usinywe maji hayo ya majaribio, na ukirudisha mtambo kazini acha maji yatiririke tena kabla ya kuyatumia. Hakikisha pia koki ile ya tatu imefungwa kabisa. Ikibaki wazi hata kidogo, maji machafu yatajipenyeza na kuchanganyika na yaliyochujwa, nawe utahangaika na katriji ambazo zinafanya kazi yake vizuri.

Presha imeshuka

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, na ndilo linalopimwa vibaya zaidi. Chujio lililoziba lina dalili yake: unafungua bomba, maji yanatoka kwa nguvu sekunde chache, kisha yanafifia hadi kuwa uzi. Hii ni kwa sababu bomba zote zikifungwa, maji hupenya polepole katika katriji iliyoziba hadi presha inalingana pande zote mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda kwenye mtambo, akasoma geji ya kabla na ya baada, akakuta zote zinaonyesha 4 bar, akasema chujio ni zima.

Geji husomwa maji yakiwa yanatembea. Fungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja, kisha nenda ukasome. Katriji mpya itaonyesha tofauti ndogo kati ya kabla na baada. Tofauti ikifika karibu 1 bar, yaani takriban psi 15, muda wa kubadilisha umefika. Ukiweka katriji mpya, andika tofauti yake ya siku ya kwanza kwenye kipande cha tepu na ukibandike juu ya kopo linaloshika katriji. Namba hiyo itakusaidia kuliko tarehe iliyochapishwa kwenye boksi, kwa kuwa maji ya msimu wa mvua hayalingani na ya kiangazi.

Kama tofauti ni ndogo lakini geji ya kwanza yenyewe inasoma chini, acha chujio. Angalia koki kuu, kipunguza presha, pampu, au tangi. Nyumba inayotegemea tangi la juu ina hesabu yake: kila mita moja ya kimo hutoa takriban 0.1 bar. Tangi lililo mita 3 juu ya bomba linakupa 0.3 bar tu, na katriji ya mikroni 5 ikifuatwa na ya mkaa inaweza kumeza sehemu kubwa ya hiyo hata zikiwa mpya kabisa. Hapo tiba ni pampu ya kuongeza presha, ifungwe kabla ya chujio ili iwe inasukuma maji, isiwe inayavuta kupitia katriji. Au tumia katriji kubwa zaidi, zenye eneo pana la kupitisha maji.

Katriji ikiziba mapema kuliko kawaida, usiitupe kabla ya kuikata. Ilaze juu ya gazeti, ipasue katikati kwa kisu chenye meno, utazame ukuta wake. Kutu ikiwa imeingia taratibu hadi karibu na kiini, nyeusi nje na kufifia kuelekea ndani, katriji imefanya kazi yake yote. Uchafu ukiwa umekaa nje tu kama ngozi nyembamba, na ndani kote ni nyeupe, basi mikroni ni ndogo mno kwa maji yale: weka ya 50 au 20 mbele yake ibebe mzigo wa kwanza. Ukikuta ute wa rangi ya kutu unaoteleza vidoleni, hao ni bakteria wa chuma, na tiba yake inaanzia kisimani kwa klorini. Na kama katriji ni safi nje na ndani ilhali maji ya nyumba yana tope, maji yanapita pembeni yake. Ama ni fupi kwa kopo hilo, ama mpira wa mwisho wake haukukaa sawa.

Sababu ya tope kuongezeka ghafla huwa haiko mbali: tangi ambalo halijaoshwa muda mrefu, pampu ya kisima iliyokaa karibu mno na chini, au ukarabati wa bomba mtaani.

Na kama umebadilisha sasa hivi na maji hayatoki kabisa, fungua tena kopo uone kama nailoni ya kufungashia bado iko juu ya katriji. Inatokea mara nyingi.

Maji yamebadilika rangi

Jaza glasi safi, uiweke mezani, usiiguse. Glasi hiyo itakueleza mengi kuliko kifaa chochote cha bei.

Maji meupe kama yenye maziwa yakianza kung'aa kutokea chini kwenda juu ndani ya dakika moja au mbili, ni hewa. Baada ya kubadilisha katriji ni jambo la kawaida na huisha lenyewe. Likiendelea kwa siku nyingi, kuna mahali pampu inavuta hewa. Weupe ukishuka na kutulia chini ya glasi, hayo ni madini ya chokaa.

Maji yakitoka maangavu kabisa, kisha baada ya saa kadhaa yakageuka ya rangi ya chai, una chuma kilichoyeyuka. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana chujio la tope haliwezi kukamata kitu kilichoyeyuka, hata ukishuka hadi mikroni 1. Chuma hicho lazima kwanza kioksidishwe, kwa hewa au kwa klorini au kwa tangi lenye punje za dioksidi ya manganizi, kigeuke chembe ngumu, ndipo kichujwe. Kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu nguo: juu ya miligramu 0.3 kwa lita, madoa huanza kuonekana kwenye nguo na masinki. Maji yakitoka tayari na kutu bombani, hizo ni chembe, na chujio la tope linazimudu. Manganizi nayo huacha madoa meusi badala ya mekundu, na mara nyingi huandamana na chuma.

Maji meusi au ya kijivu mara tu baada ya kuweka mkaa mpya ni unga wa mkaa. Usiuruhusu uingie kwenye hita wala mashine ya kufulia. Fungua bomba la nje lililo karibu na mtambo na uache maji yatiririke hadi yawe maangavu. Weusi ukitokea miezi kadhaa baadaye, chukua chembe uisugue kwenye karatasi nyeupe. Ikikwaruza kama mchanga, ni punje za mkaa zinazotoroka tangini. Ikipakaa kama wino na kuvutika, ni mpira unaooza, pengine washa (kile kipande cha mpira ndani ya koki) au paipu ya mpira inayounganisha sinki.

Vipunje vidogo vya duara vya rangi ya asali kwenye wavu wa bomba ni resini. Kikapu kilicho ndani ya kilainisha maji kimevunjika. Pitisha maji kando ya mtambo na umwite fundi, maana punje hizo zitaziba kila kitu mbele yake.

Harufu

Harufu ya yai bovu ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni. Ikiwa kwenye maji ya moto peke yake, chanzo kwa kawaida ni fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya hita ili kuilinda na kutu. Bakteria wanaotumia salfeti hustawi humo. Fundi anaweza kuiweka ya alumini na zinki badala yake, lakini kuing'oa na kuacha pengo ni kuliua tangi la hita. Ikiwa kwenye maji yote, inatoka ardhini, na mkaa pekee utachoka upesi. Ikiwa kwenye sinki moja, jaza glasi uipeleke chumba kingine ndipo unuse. Huenda kinachonuka ni tundu la maji machafu.

Harufu ya klorini ikirudi, wengi husema mkaa umekwisha. Huenda, lakini pima kwanza. Chukua vijikaratasi vya kupimia klorini, pima bomba moja likitiririka polepole, kisha fungua mabomba matatu kwa pamoja upime tena. Klorini ikionekana mara zote mbili, mkaa umechoka. Ikionekana tu maji yakienda kasi, mkaa ungali mzima ila ni mdogo kwa matumizi ya nyumba: maji hayakai nao muda wa kutosha. Kubadilisha kwa wa ukubwa uleule hakutasaidia. Kama mamlaka ya maji inatumia kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) badala ya klorini, mkaa wa kawaida huihangaikia sana, na kuna aina ya mkaa iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake.

Harufu ya uvundo baada ya safari ni kumbukumbu nzuri ya gharama ya mkaa. Ukishaondoa klorini, maji yaliyosimama mabombani hayana tena cha kuyalinda. Mkirudi nyumbani, fungueni mabomba yote hadi maji yabadilike yawe baridi.

Kilainisha maji hakilainishi

Anza na tangi la chumvi, ile ambayo mtambo huitumia kuisafisha resini. Chumvi isipopungua wiki hadi wiki, kuna mambo mawili yanayotokea sana. La kwanza ni daraja: chumvi imegandamana juu kama dari na chini yake ni tupu, hivyo maji hayaifikii. Igonge taratibu kwa mpini wa fagio, utasikia mahali ilipo tupu, uivunje bila kutoboa tangi. La pili ni kuziba kwa injekta, kitundu chembamba kinachovuta maji ya chumvi kuyapeleka kwenye resini. Kinatolewa, kinaoshwa, kinarudishwa.

Chumvi ikiwa inapungua lakini magamba meupe yanaendelea kwenye birika, angalia tena koki ya pembeni, kisha saa ya mtambo. Umeme ukikatika, mtambo usio na betri hupoteza saa na kuanza kujisafisha mchana, watu wakioga. Wakati wa kujisafisha, maji magumu hupitishwa moja kwa moja hadi nyumbani na kuijaza hita. Resini nayo huharibika: klorini huilainisha kwa miaka, na chuma huifunika. Ya pili ina dawa ya kusafishia. Ya kwanza haina.

Maji yakiwa na ladha ya chumvi baada ya kujisafisha, suuza ya mwisho haikukamilika. Fuata paipu ya kutolea maji taka hadi mwisho wake, mara nyingi imekunjika au imeziba. Utelezi wa ngozi ukioga kwa maji laini si hitilafu, ndivyo maji hayo yalivyo.

Neno moja kuhusu kile kipimo cha kidijitali cha TDS (jumla ya madini yaliyoyeyuka kwenye maji), kinachouzwa kama hakimu wa maji yote. Kilainisha maji kinabadilisha kalsiamu kwa sodiamu, jumla ya madini inabaki karibu ileile, kwa hiyo namba haitashuka hata mtambo ukiwa mzima kabisa. Kipimo hicho pia hakioni bakteria, na kwa viwango vya risasi vinavyodhuru hakina msaada. Kwa ugumu tumia vijikaratasi vya ugumu. Chini ya miligramu 60 kwa lita ni maji laini, na juu ya 180 ni magumu sana.

Kuvuja

Kopo likidondosha maji baada ya kubadilisha katriji, tatizo ni mpira wa duara, na kulikaza zaidi kwa spana ndiyo njia ya kulipasua. Funga maji, bonyeza kitufe chekundu kutoa presha, fungua. Futa mpira na mfereji wake kwa kitambaa, tazama kama kuna ufa au chembe ya mchanga, paka silikoni ya vyombo vya chakula, rudisha, kaza kwa mkono na robo ya mzunguko wa spana. Mafuta ya mgando yanayotokana na petroli yanavimbisha mpira wa aina nyingi, usiyatumie.

Ufa kwenye plastiki hauzibwi kwa gundi. Badilisha kopo, kisha utafute kilicholipasua: presha ya usiku inayopita 5.5 bar, au kishindo cha mabomba wakati koki ya mashine inapojifunga ghafla. Kopo la plastiki angavu likipigwa na jua, huota ukijani ndani, kwa hiyo lifunike.

Taa ya UV inalia, au imepitisha mwaka

Taa ikiwaka haimaanishi inafanya kazi. Mwanga wa buluu unaouona sio ule unaodhibiti vijidudu, na nguvu ya ule usioonekana hufifia huku taa ikiendelea kung'aa. Nyingi hubadilishwa kila baada ya saa 9,000 hivi, takriban mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo. Usiitazame kwa macho nje ya kopo lake. Gamba lolote juu ya bomba la kioo cha kwazi (quartz) linaloizunguka hukinga miale, na siki nyeupe hulitoa. Ndiyo sababu taa hufungwa baada ya chujio la mikroni 5 na baada ya kuondoa chuma na ugumu.

Taa ikiwa ilizimika huku maji yakitumika, kuiwasha tena hakutoshi, kwa kuwa vijidudu vimeshapita na kukaa mabombani. Washa taa, pitisha maji kando ya kilainisha, toa katriji za tope na mkaa, mimina dawa ya klorini isiyo na manukato kwenye kopo tupu, ulifunge. Fungua kila bomba, la baridi na la moto, hadi harufu ya klorini isikike, kisha funga yote uyaache angalau nusu saa. Tiririsha hadi harufu iishe, weka katriji mpya, na chemsha maji ya kunywa mpaka sampuli ipimwe bakteria na irudi safi.